Pikipiki milimani Same: Wapi ni ruksa kuendesha, wapi usithubutu

Same. Ukiwa na pikipiki ndefu ya tairi za meno na shokapu laini, milima ya Upare inakuita. Kuna vumbi jekundu, kona kali, mawe, makorongo ya mchanga na tambarare inayoonekana haina mwisho. Swali la kila kijana mwenye pikipiki ya namna hiyo ni moja: wapi naruhusiwa kuendesha bila kukamatwa na bila kugombana na mtu?

Jibu fupi ni hili:

- Barabara za umma za vumbi: ruksa, ukiwa na leseni, namba na bima.
- Ardhi ya kijiji na mashamba ya watu: ruksa ukikubaliwa kwanza.
- Hifadhi ya Taifa na msitu wa hifadhi: sahau.

Jibu refu linahitaji uelewe kitu kimoja ambacho wengi hawakijui, na ndicho kinachowaponza.

Hakuna ardhi isiyo na mwenyewe

Watu wengi wakiona eneo tupu lenye vichaka na mbuzi wawili watatu, wanasema "hili ni pori tu". Kisheria pori la namna hiyo halipo Tanzania.

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimeigawa ardhi yote ya nchi katika makundi matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya kijiji na ardhi ya jumla. Ardhi ya jumla ni pamoja na ile ya mijini na mashamba makubwa yenye hati. Kwa hiyo popote utakapoweka tairi kati ya Mwanga, Same na Mkomazi, kuna mtu au chombo chenye mamlaka juu ya hapo.

Hii ni habari njema pia. Kama kila eneo lina mwenyewe, basi kila eneo lina mtu wa kumuomba. Kazi yako ni kumjua ni nani.

Mkomazi: uzuri wote, pikipiki hapana

Geti la Zange la Hifadhi ya Taifa Mkomazi liko kilomita chache tu kutoka Same mjini. Hifadhi ina zaidi ya kilomita za mraba 3,200, inapakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, na ndani yake kuna faru weusi wanaolindwa kwa uzio maalumu.

Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951, kisha ikapandishwa hadhi na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Katika hifadhi za taifa pikipiki za wageni haziruhusiwi, na hata gari linalolipa kiingilio haliruhusiwi kutoka nje ya njia zilizowekwa. Utakapomuona mtu anapita Hifadhi ya Mikumi kwa pikipiki, jua anatumia barabara kuu ya umma inayokatiza pale. Hajaingia kutalii.

Sababu ziko wazi. Tembo akishtuka, pikipiki haina mlango wa kufunga. Na kelele za ekzosi zinafukuza wanyama ambao watalii wengine wamelipa kuwaona.

Tatizo ni kwamba mpaka wa Mkomazi hauna ukuta kila mahali. Ukitoka Same kwenda Kisiwani, milima iko kulia na upande wa kushoto ni tambarare ya hifadhi. Njia ndogo ya ng'ombe inaweza kukuingiza ndani bila wewe kujua, na askari wa hifadhi hataanza kwa kukuuliza kama ulipotea.

Kumbuka pia kwamba mpaka huu una historia nzito. Wafugaji waliokuwa wakiishi na kuchunga ndani ya Mkomazi waliondolewa mwaka 1988, na shauri lao lilifika mahakamani. Kwa watu wa vijiji vya pembezoni, mstari ule sio wa kuchezea. Kijana wa mjini akiingia na pikipiki kwa starehe mahali ambapo wao hawaruhusiwi kupeleka ng'ombe kunywa maji, unaweza kujua watamtazamaje.

Shengena na misitu mingine

Kilele cha juu kabisa cha milima ya Upare ni Shengena, chenye zaidi ya mita 2,400. Kimo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, msitu wa zaidi ya hekta 14,000 ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kuna ndege mdogo anayepatikana katika milima hii ya Upare Kusini peke yake, na chemchemi nyingi zinazonywesha vijiji vya chini zinaanzia humo.

Kuingia kunataka kibali, na watu hupanda kwa miguu. Njia ya miguu katika msitu wenye unyevu ikipitiwa na tairi za meno mara chache tu, inakuwa mfereji. Mvua ikinyesha, udongo unashuka nao.

Upande wa Mwanga, misitu ya Kindoroko na Minja nayo ni ya hifadhi. Ukikuta bango la TFS au alama za mpaka wa msitu, geuza.

Barabara za umma: hapa ndipo raha ilipo

Sasa tuje kwenye habari nzuri. Milima ya Upare ina barabara nyingi za vumbi ambazo ni za umma. Baadhi zinasimamiwa na TANROADS, nyingine na TARURA. Huhitaji ruhusa ya mtu kupita. Kwa mwendesha pikipiki, ugumu wake unatosha kabisa.

Hizi ni baadhi:

- Same–Kisiwani–Gonja–Ndungu–Mkomazi. Inapita upande wa mashariki wa Upare Kusini, kwa kilomita kama 100. Serikali imekuwa ikiijenga kwa lami kwa vipande, kwa hiyo vumbi linapungua mwaka hadi mwaka. Ukirudi Same kwa barabara kuu kupitia Hedaru na Makanya, umezunguka milima yote ya Upare Kusini.

- Same–Mwembe–Mbaga–Myamba, kushuka Ndungu. Hii inapanda mlima wenyewe. Ina kona, mteremko na ukungu, na migomba inagusa barabara. Ndiyo njia ya kuufahamu Upare.

- Makanya kwenda Suji, na Hedaru kwenda Vunta. Zinaanzia kwenye joto la barabara kuu na kupanda hadi kwenye baridi ndani ya muda mfupi.

- Lembeni kwenda Kilomeni, na Mwanga kwenda Usangi kupitia Kikweni. Hizi ni za Upare Kaskazini, nzuri kwa anayetokea Moshi asubuhi na kurudi jioni.

Ila barabara ya umma sio uwanja wa mashindano. Kushindana mwendo barabarani bila kibali ni kosa, na penye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Kwenye kona za Mbaga unakutana na bodaboda aliyebeba gunia la tangawizi, watoto wanaotoka shule na Noah iliyojaa hadi mlangoni. Yeyote kati yao anaweza kuwa katikati ya barabara, kwa sababu barabara yenyewe ina upana wa gari moja.

Piga honi kabla ya kona. Anayepanda akiwa na mzigo mpishe.

Ukitaka kutoka nje ya barabara

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatafuta eneo lisilo na watu, wakati wangetakiwa kutafuta mwenye eneo.

Kuna sehemu mbili za kuanzia.

Ya kwanza ni mashamba makubwa. Shamba la mkonge lina barabara zake za ndani, zilizonyooka na zenye vumbi. Upande wa Mwanga, eneo la Kisangara linajulikana kwa mkonge. Barabara hizo ni za mwenye shamba. Nenda ofisini, muone meneja, uliza kama kuna siku ambayo kazi imesimama. Akikubali, pata hata barua fupi au ujumbe wa maandishi. Mlinzi wa getini habadilishi mawazo kwa sababu umesema "bosi kaniruhusu".

Usifanye hivyo kwenye machimbo ya jasi ya Makanya. Yana wenye leseni, na mashimo ya zamani hayana uzio. Ukidumbukia humo, hata kuonekana ni bahati.

Ya pili ni ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaipa Halmashauri ya Kijiji jukumu la kuisimamia kwa niaba ya wanakijiji wote, na mambo makubwa ya ugawaji lazima yapite kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wewe huombi kugawiwa ardhi, unaomba kupita kwa siku moja. Lakini anayeweza kukujibu ni uleule uongozi, na kama eneo lina mtu analolima, na yeye akubali.

Vitu usivyoviona

Kabla hujaomba, jua unachoomba kukanyaga. Upareni kuna vitu vya thamani ambavyo mgeni anavipita bila kujua.

Ndiva. Hili ni bwawa dogo la jadi linalokusanya maji ya kijito usiku, yafunguliwe asubuhi kumwagilia mashamba kwa zamu. Kuta zake mara nyingi ni za mawe na udongo. Tairi moja ikipasua ukuta au mfereji unaotoka kwenye ndiva, familia kadhaa zinakosa zamu yao ya maji. Na zamu ya maji, kwenye ukame wa Same, ni mahindi ya mwaka huo.

Makorongo ya mchanga. Kwa mwendesha pikipiki, korongo kavu ni uwanja wa bure. Kwa mkulima wa Makanya, korongo hilohilo ndilo linaloleta mafuriko kutoka mlimani, naye huyageuza kwa matuta na mifereji yaingie shambani. Ukivuruga matuta yake wakati wa kiangazi, hasara anaipata mvua ikinyesha. Vilevile, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa.

Misitu ya koo. Hasa Upare Kaskazini, utakuta vichaka vidogo vya miti mikubwa katikati ya mashamba. Vingi ni vya jadi, vya matambiko au vya jando. Havina bango. Ukiona miti mikubwa imeachwa peke yake mahali ambapo kila kipande kinalimwa, usiingie.

Malisho ya akiba. Kwenye tambarare ya magharibi kuelekea Ruvu, wafugaji hutenga nyasi ambazo hazichungwi mpaka kiangazi kiwe kikali. Eneo linaonekana limesahaulika. Kumbe limetunzwa.

Namna ya kuomba ruhusa

Usianze na pikipiki kumi zinazonguruma mbele ya ofisi ya kijiji. Tangulia mmoja au wawili, siku chache kabla.

1. Muone Mtendaji wa Kijiji au Mwenyekiti. Ukimkuta mzee, anza na shikamoo, vua kofia ngumu, zima injini. Haya mambo ni madogo lakini ndiyo yanayoamua jibu.

2. Sema wazi: "Mzee, sisi ni vijana sita kutoka Moshi. Tuna pikipiki, tunaomba Jumamosi tupite ile njia ya juu ya korongo, saa tatu mpaka saa nane. Tunaomba utuambie wapi tusiguse."

3. Omba mtu wa hapo awaongoze, na mlipe. Dereva bodaboda wa kijijini anajua kila mfereji, kila shamba la nani. Na yeye siku hiyo amekosa abiria.

4. Omba ruhusa iwe kwenye maandishi, hata karatasi moja yenye muhuri. Kama kuna mchango wa kijiji, lipa na uchukue risiti. Fedha isiyo na risiti haiwezi kukutetea kesho.

5. Uliza kuhusu sheria ndogo. Vijiji vinaweza kuwa nazo, kwa mfano za kulinda vyanzo vya maji.

6. Mkimaliza, rudi uage. Kama mmeharibu kitu, sema kabla hamjaulizwa, mlipe au mtengeneze.

Jambo lingine: Upareni kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba mifereji na kutengeneza barabara. Baadhi ya njia unazozifurahia zilichongwa na watu kwa majembe, bila malipo. Kundi la waendesha pikipiki likijitokeza siku ya msaragambo na makoleo yake, mwaka unaofuata halitaulizwa maswali mengi.

Karatasi zako ziwe sawa

Barabara ya vumbi kule juu ni barabara kama ile ya lami. Trafiki hawezi kukuacha kwa sababu hakuna lami.

- Namba: pikipiki lazima isajiliwe TRA. Ile ya mashindano isiyo na taa wala namba hairuhusiwi kugusa barabara ya umma hata kilomita moja. Ipakie kwenye pikapu.
- Leseni: zaidi ya cc 125 unahitaji daraja A. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo.
- Bima: ile ndogo ya lazima inamlipa uliyemgonga. Haikulipi wewe wala pikipiki yako. Isome kuona inasemaje kuhusu nje ya barabara.
- Kofia ngumu: yako na ya uliyempakia.

Na kama pikipiki ni ya mkataba, fikiri mara mbili. Vijana wengi wa boda bado wanalipa kidogo kidogo kwa mwenye chombo. Ukimkodisha mgeni akaiingiza Mkomazi na ikakamatwa, marejesho hayasimami. Wiki ikiisha bado unadaiwa, na chombo huna.

Lini uende

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, na Januari hadi Februari.

Mvua milimani hapa sio utani. Novemba 2009, maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 20 katika kijiji cha Goha, Mamba Myamba. Udongo ukishiba maji usipande, na wala usiegeshe chini ya ukingo uliokatwa.

Kwenye makorongo ya chini kuna hatari nyingine. Jua linaweza kuwa linawaka Makanya wakati mvua inapiga juu mlimani. Maji yanakuja na mawe, na korongo lililokuwa kavu linajaa ghafla.

Jaza mafuta Same au Mwanga. Juu utapata petroli ya chupa, lakini usiitegemee. Beba maji, pampu na vifaa vya kuziba pancha. Usiende peke yako, na mwachie mtu wa nyumbani ujumbe wa njia unayopita, maana mtandao unakatika kwenye mabonde. Hospitali ya Wilaya iko Same mjini, na upande wa mashariki kuna hospitali ya Gonja. Ukivunjika vibaya, safari ni KCMC Moshi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Same.

Wenzetu wanafanyaje?

Uganda wana viwanja vya mbio za pikipiki, kama Garuga na Busiika. Nairobi kuna Jamhuri. Uwanja mmoja wenye matuta ya udongo unawapa vijana mahali pa kurukia bila kumsumbua mkulima.

Kenya pia kuna Rhino Charge, mashindano ya magari nje ya barabara yaliyoanza 1989. Yanafanyika kwenye ardhi ya watu kwa makubaliano nao, na eneo linabaki siri hadi karibu na siku yenyewe ili washiriki wasiende kulijaribu mapema. Fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa msitu wa Aberdare, uliokamilika 2009.

Ulaya nako milango imekuwa ikifungwa. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 1991 ya kuzuia vyombo vya moto kuingia maeneo ya asili nje ya njia zilizo wazi kwa umma. Uingereza ilifuta haki ya vyombo vya moto kwenye njia nyingi za zamani za mashambani mwaka 2006. Moja ya sababu ilikuwa malalamiko ya uharibifu na kelele.

Same bado iko mahali pazuri. Barabara za vumbi zipo, vijiji vinaongea na mgeni, na vijana wa boda wangeweza kupata kipato kwa kuongoza wageni. Kikundi kikitaka kwenda mbali zaidi na kuandaa mashindano, njia ni kujisajili kupitia Baraza la Michezo la Taifa, BMT, kuwataarifu polisi na wilaya, na kukubaliana na mwenye eneo mapema.

Ila mlango huu hufungwa na mtu mmoja tu. Akipasua mfereji wa ndiva Jumamosi na kukimbia, Jumatatu kijiji kinakaa kikao. Na karatasi ya kwanza itakayobandikwa kwenye mti pale njia panda haitataja jina lake. Itasema tu: pikipiki marufuku.